Picha Zilizosimama Zinapokwenda: Filamu ya Vikaragosi Nyumbani, kwa Mfano wa Dagaa wa Ziwa Tanganyika

Katika filamu ya aina yoyote hamna kitu kinachokwenda. Kilichomo ni mfuatano wa picha mnato, kila moja ikitofautiana kidogo na ile iliyoitangulia, ambazo huonyeshwa moja baada ya nyingine kwa haraka. Katika majumba ya sinema picha 24 hupita kila sekunde. Sinema ya kawaida hupata picha hizo kwa kupiga kitu ambacho kweli kinakwenda. Filamu ya vikaragosi huzipata kwa njia nyingine: mtengenezaji hupiga picha ya kitu kilichosimama, hukisogeza kidogo kwa mkono, hupiga tena, hukisogeza tena, na kuendelea hivyo hadi kazi iishe. Mwendo unaoonekana baadaye haukuwapo mezani hata mara moja. Umezaliwa katika akili ya mtazamaji.

Kwa muda mrefu vitabu vya shule vimeeleza kwamba jambo hili hutokea kwa sababu jicho hubaki na taswira ya kitu kwa sehemu ndogo ya sekunde baada ya kitu chenyewe kuondoka. Maelezo hayo hayatoshi. Kama taswira zingekuwa zinabaki tu machoni, mtazamaji angeona samaki kumi na wawili waliopandana, wala si samaki mmoja anayeogelea. Mwaka 1912 mwanasaikolojia wa Kijerumani Max Wertheimer alichapisha majaribio aliyoyafanya mjini Frankfurt, ambamo mistari miwili iliwashwa kwa zamu mahali pawili tofauti. Muda kati ya mwako mmoja na mwingine ulipokuwa mrefu, watu waliona mistari miwili ikifuatana. Ulipokuwa mfupi mno, waliona yote miwili imewaka pamoja. Lakini katikati ya hapo waliona mstari mmoja ukihama kutoka mahali pa kwanza hadi pa pili. Kwa hiyo ubongo haupokei mwendo tu, bali pia huujenga. Fundi wa filamu ya vikaragosi anafanya kazi na tabia hiyo ya ubongo, na makosa mengi ya wanaoanza hutokana na kuisahau.

Ufundi huu una historia inayowahusu walimu wa sayansi kwa karibu. Mmoja wa waanzilishi wake, Władysław Starewicz, alikuwa mkuu wa jumba la makumbusho ya viumbe huko Kaunas, ambayo leo ni sehemu ya Lithuania. Alitaka kupiga sinema ya mende wakubwa wenye pembe wakipigana, lakini mende hao ni viumbe wa usiku, na kila taa zilipowashwa walitulia tuli. Akawachukua mende waliokufa, akawafungia miguu kwa waya na nta, akawasogeza kidogo kidogo mbele ya kamera. Filamu yake ya mwaka 1912 kuhusu wadudu wenye wivu iliwashangaza watazamaji, na wako walioamini kwamba wadudu wale walikuwa hai na wamefunzwa. Huko Potsdam, Lotte Reiniger alitumia miaka mitatu, 1923 hadi 1926, kutengeneza filamu ndefu ya vivuli vya karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Mkongomani Jean-Michel Kibushi alitoa mwaka 1991 filamu fupi iliyotokana na hadithi ya Watetela ya chura aliyekwenda ukweni, na mwaka 1999 akatoa filamu ya vikaragosi kuhusu mtoto wa mitaani wa Kinshasa.

Habari ya Starewicz yafaa kukumbukwa Kigoma. Mende wake waliogopa taa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huifuata. Viumbe wote hawa wana maisha ambayo kamera ya kawaida haiwezi kuyafikia kwa urahisi, na hapo ndipo kikaragosi kinapokuwa chombo cha elimu, si mchezo tu.

Kwa nini dagaa

Mwanafunzi wa Ujiji au Kibirizi anawajua dagaa tangu utotoni. Amewaona wakianikwa, amewala, na yamkini ana ndugu anayewavua. Hata hivyo jambo kubwa katika maisha ya samaki hao hajaliona, wala baba yake mvuvi hajaliona kwa macho. Mchana dagaa hukaa chini, mbali na mwanga. Jioni hupanda kuelekea juu wakiwafuata wadudu wadogo wa majini ambao ndio chakula chao, na migebuka huwafuata wao. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, samaki hukusanyika chini yake, na wavu uliotandazwa kati ya mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti huinuliwa. Mwezi unapokuwa mpevu, nuru imetawanyika kila mahali, taa hupoteza nguvu yake ya kuvuta, na mitumbwi hupumzika ufukoni.

Safari hiyo ya samaki hufanyika gizani, chini ya maji, na polepole. Kamera ya mwalimu haitaiona. Kikaragosi cha karatasi kitaionyesha kwa sekunde kumi, mradi mtengenezaji awe ameelewa anachokionyesha. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa maana filamu ya vikaragosi hutii kila amri ya mtengenezaji, ikiwa ni pamoja na amri zisizo na ukweli.

Ugumu huanza na umbo la ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 673 hivi na kina cha mita 1,470 mahali palipo na kina kirefu kuliko pote. Mwanafunzi akitaka kulionyesha kwa ubavu, toka kaskazini hadi kusini, kwa ubao wenye urefu wa mita moja, na akitaka vipimo vyote viwe sawia, kina hicho kitakuwa milimita 2 na kidogo. Ziwa linaloitwa la pili kwa kina duniani litaonekana kama unene wa karatasi ngumu! Kwa hiyo hapana budi kina kikuzwe, na ni haki mtazamaji aambiwe kwamba kimekuzwa na kwa kiasi gani. Ubao ukiwa na kina cha sentimita 50 kwa ziwa zima, kina kimekuzwa zaidi ya mara 200. Kuandika jambo hilo katika kona ya picha hakumgharimu mtu chochote. Kulificha ni kumfundisha mtoto ziwa ambalo halipo.

Aghalabu ni vizuri zaidi kuchukua sehemu ya juu tu ya ziwa, tuseme mita 200, kwa sababu uhai mwingi uko hapo. Hewa ya oksijeni katika maji ya kaskazini hufika kina cha mita 100 hivi, na kusini hufika hadi mita 200. Chini ya hapo samaki hawezi kuishi. Sehemu kubwa mno ya maji ya ziwa hili haina dagaa hata mmoja. Ubao wa sentimita 50 unaowakilisha mita 200 unampa mtengenezaji kipimo chepesi: sentimita moja ni mita nne.

Vifaa

Njia rahisi kuliko zote ni ya karatasi zilizokatwa. Kioo cha dirisha hulazwa juu ya matofali mawili, karatasi ya buluu iliyopakwa rangi inayokolea kadiri kina kinavyoongezeka huwekwa chini yake, na samaki wa karatasi ngumu hulazwa juu. Samaki mmoja hukatwa vipande vitatu, yaani kichwa, kiwiliwili na mkia, vikaunganishwa kwa uzi au pini fupi ili mwili uweze kupinda. Kwa kundi kubwa la samaki haifai kuhangaika na kila mmoja. Huchorwa makundi manne yenye mikia iliyopinda kwa namna nne tofauti, yakabadilishwa kwa zamu.

Vikaragosi vya kusimama, kama vile mvuvi na mtumbwi wake, huhitaji udongo. Udongo wa mfinyanzi haukosekani Kigoma, lakini kwa kazi hii una ila: hukauka chini ya taa, husinyaa, na hupasuka kabla tukio halijaisha. Udongo usiokauka hupatikana kwa kuchanganya nta ya nyuki, ambayo misitu ya miombo ya Kigoma na Tabora huitoa, na mafuta ya mgando pamoja na unga laini wa udongo mkavu uliochekechwa kwa kitambaa. Vipimo hutafutwa kwa kujaribu: nta ikizidi, kikaragosi huwa kigumu, mafuta yakizidi, hulegea. Mawese yangefaa kwa ulaini, ila wekundu wake hushika kila kitu, pamoja na vidole. Nta isiyeyushwe kamwe juu ya moto wenyewe, kwani huwaka. Kopo lenye nta husimamishwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na maji hutosha kabisa.

Ndani ya udongo huwekwa mifupa ya waya. Waya mmoja mnene hukatika baada ya kupindwa mara nyingi mahali pale pale, kwa sababu metali huchoka. Nyuzi mbili au tatu nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja hudumu zaidi. Miguu hushikwa kwa pini zinazopenya ubao laini. Kikaragosi kinachoanguka katika picha ya sabini hakirudi tena mahali pake barabara, na kazi ya asubuhi nzima huwa imepotea.

Kuhusu kamera, simu ya mkononi ya mwalimu inatosha. Inachohitaji ni kutotikisika. Huwekwa juu ya kibao kilichotobolewa tundu la lensi, kibao hicho hulazwa juu ya makopo mawili yaliyojazwa mchanga, na picha hupigwa kwa kitufe cha waya wa masikioni au kwa saa ya kamera, ili kidole kisiiguse simu. Kisha lensi, kiasi cha mwanga, na usawa wa rangi vifungwe katika mpangilio mmoja. Simu ikiachiwa uhuru hujirekebisha kwa kila picha, na filamu humetameta kama mwenge unaopepewa.

Mwanga

Hakuna jambo linaloharibu filamu za nyumbani kuliko mwanga wa jua. Hili huonekana la ajabu, kwa kuwa jua la Kigoma ni jingi na halilipiwi. Lakini jua huhama angani nyuzi 15 kila saa. Tukio la sekunde 10 lina picha 120 iwapo picha 12 zinaonyeshwa kila sekunde, na kama kila picha huchukua dakika moja na nusu kutengenezwa, kazi ni ya saa tatu. Katika muda huo jua limehama nyuzi 45. Filamu ikionyeshwa, vivuli vitazunguka mezani kwa sekunde kumi, na kila wingu lililopita litakuwa mpepeso. Madirisha yazibwe kwa nguo nyeusi, au kazi ifanywe usiku.

Taa za umeme wa nyumbani nazo zina ila yao. Umeme huo hugeuka kwenda na kurudi mara 50 hivi kwa sekunde, na baadhi ya taa hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua. Kamera hutambua. Taa ya betri ambayo mwanga wake ni thabiti ni bora, na katika mji wa Kigoma kifaa hiki kimo katika nyumba nyingi tayari: taa ndogo za LED ambazo wavuvi wengi wamezichukua mahali pa karabai. Taa mbili za aina moja, moja ubavuni na moja juu, hutosha, na mwishowe dagaa wa karatasi huvuliwa kwa taa ile ile inayowavua dagaa wa kweli.

Hesabu ya mwendo

Mtu anayeanza husogeza kila kitu kwa kiasi kilicho sawa. Mtumbwi wake huondoka ghafla kwa kasi kamili na husimama ghafla kama uliogonga ukuta. Vitu vya kweli vina uzito, na uzito hukataa kubadili mwendo upesi. Mtumbwi unaoanza safari usogezwe milimita 1, kisha 2, kisha 3, kisha 4, uendelee na 4 kwa 4, na unapokaribia ufuko urudi 3, 2, 1.

Kitu kinachoanguka kina kanuni kali zaidi. Miembe mikongwe ni sehemu ya sura ya Ujiji. Basi na lichukuliwe embe linaloanguka kutoka tawi lililo juu mita 1.25. Umbali unaoangukwa ni nusu ya mchapuko wa mvutano wa dunia ikizidishwa kwa mraba wa muda. Mchapuko ukichukuliwa kuwa mita 10 kwa sekunde mraba, embe hilo litafika chini kwa nusu sekunde, yaani picha 6. Kutoka tawini, katika picha ya kwanza litakuwa limeshuka sentimita 3.5, ya pili 13.9, ya tatu 31.3, ya nne 55.6, ya tano 86.8, na ya sita 125. Tofauti kati ya picha na picha hufuata namba witiri 1, 3, 5, 7, 9, 11, uwiano ambao Galileo aliutambua karne ya 17 kwa mipira iliyoviringishwa juu ya mbao zilizoinama. Mwanafunzi aliyesogeza embe lake kwa mkono kwa uwiano huo hataisahau kanuni kwa urahisi, na akikosea, darasa zima litaona embe likielea.

Sasa, mwembe wa mezani ni mdogo. Ukiwa umepunguzwa mara 10, tawi liko sentimita 12.5 tu juu ya ardhi. Embe halisi likiangushwa kutoka hapo lingefika chini katika sekunde 0.16, sawa na picha 2. Mtengenezaji achague lipi, 2 au 6? Achague 6, na vipimo vyote vya hapo juu avigawe kwa 10. Mtazamaji hana rula mkononi. Hukadiria ukubwa wa kitu kwa muda wake wa kuanguka. Embe likianguka kwa picha 2, ataona kichezeo. Likianguka kwa picha 6, ataona mwembe wa Ujiji. Kwa sababu hiyo hiyo maji ya kweli yasitumiwe katika ziwa la mezani. Matone na viwimbi vya maji havikubali kupunguzwa, na hutangaza mara moja kwamba mtumbwi ule una urefu wa kidole. Karatasi ya nailoni iliyokunjwakunjwa na kusogezwa kidogo kidogo hudanganya vizuri zaidi.

Saa mbili katika picha moja

Dagaa wanarudisha tatizo kubwa zaidi. Iwapo safari yao ya jioni itachukuliwa kuwa ya mita 100 kwa dakika 90, na filamu iionyeshe kwa sekunde 10, muda umebanwa mara 540. Katika ubao uliotajwa mita 100 ni sentimita 25, kwa hiyo kundi hupandishwa milimita 2 hivi kwa kila picha. Hilo ni jepesi. Lakini mkia je? Kama nao ungebanwa mara 540, ungepiga mamia ya mapigo kwa sekunde na usingeonekana kabisa. Wengi hupiga mkia kwa mwendo wa kawaida huku samaki akipanda kwa mwendo uliobanwa, na kwa hiyo picha moja huwa na saa mbili zisizopatana. Mtoto anayeitazama hujifunza kwamba dagaa huruka juu kama mshale.

Dawa yake ni kutenganisha. Tukio la kwanza lionyeshe samaki mmoja kwa karibu, mkia ukipiga, pasipo kubana muda. Tukio la pili lionyeshe kundi kwa mbali kama doa tu, bila mikia, na juu yake anga likipita toka machweo hadi giza, au saa ya ukutani ikizunguka pembeni.

Kile ambacho filamu haina haki ya kusema

Filamu ya dagaa ikionyeshwa ufukoni haitabaki somo la shule. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Kwa familia zinazoishi kwa taa na wavu miezi mitatu si jambo la hesabu. Filamu inayowaonyesha wavuvi wakivua samaki wa mwisho itapigiwa makofi na wengine na kuwaumiza wengine, na kisayansi ingekuwa imesema nusu ya habari.

Nusu nyingine iko katika maji. Kuanzia Mei hadi Septemba hivi upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini, yaliyo baridi na yenye rutuba, hupanda. Rutuba hiyo huotesha mimea midogo, mimea hulisha wadudu, wadudu hulisha dagaa. Mwaka 2003 makala za watafiti katika majarida ya Nature na Science zilionyesha kwamba maji ya juu yamepata joto zaidi, tabaka za maji zimekuwa ngumu kuchanganyika, na rutuba inayopanda imepungua. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, uliosoma mabaki ya viumbe katika matope ya chini ya ziwa, ulionyesha kwamba upungufu wa samaki ulianza kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaingia. Hayo hayaufanyi uvuvi kupita kiasi usiwe na madhara. Yanamtaka mtengenezaji aweke kwenye ubao wake wavu na upepo pia.

Upepo hauonekani, na kuuonyesha ni kazi nzuri kwa darasa. Tabaka mbili za maji hukatwa katika karatasi mbili za rangi tofauti. Karatasi ya juu huhamishwa kaskazini milimita chache kila picha, na mpaka kati yao huinama. Upepo ukikoma, mpaka hurudi, hupita usawa wake, hurudi tena, kama maji katika karai lililoinuliwa upande mmoja. Katika ziwa la kweli bembea hiyo ni ya majuma kadhaa, na saa ya pembeni inahitajika hapa kuliko mahali pengine pote.

Sauti hurekodiwa mwisho, picha zikiwa zimekwisha kuunganishwa kwa programu yoyote ya simu. Msomaji mmoja na mlio wa maji yanayomiminwa katika ndoo hutosha.

Mazoezi

1. Embe linaanguka kutoka mita 5. Kwa picha 12 kila sekunde, litahitaji picha ngapi? Hatua ya mwisho ni kubwa mara ngapi kuliko ya kwanza? (Majibu: 12, mara 23.)

2. Ziwa likionyeshwa kwa upana wake, wastani wa kilometa 50, kwenye ubao wa mita moja, kina cha mita 1,470 kitakuwa milimita ngapi bila kukuzwa? (Jibu: 29 hivi.)

3. Darasa lenye makundi manane linataka filamu ya dakika moja kwa picha 12 kila sekunde. Kila kundi litapiga picha ngapi, na kwa dakika moja na nusu kwa picha, litafanya kazi kwa muda gani? (Majibu: 90, saa 2 na dakika 15.)

4. Tengeneza tukio la sekunde 5 linaloonyesha taa ya mvuvi usiku wa giza, na jingine la usiku wa mwezi mpevu, kwa samaki wale wale. Kabla ya kupiga picha ya kwanza, andika ni vitu gani vitabadilika kati ya matukio hayo na ni vipi havitabadilika.